Kadi ya kunasa video kwa kanda za nyumbani: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nina meza moja hapa Tanga, deki tatu za VHS zinazofanya kazi, mbili ninazochinja vipuri, na kompyuta moja. Watu wananiletea kanda za harusi, za hitima, za mahafali, za mtoto anayejifunza kutembea ambaye leo ana watoto wake. Wengine hawaleti kanda, wanaleta maswali, kwa sababu wanataka kufanya kazi wenyewe nyumbani. Sina kinyongo nao. Haya ndiyo wanayouliza.

Fundi, hii kadi kazi yake ni nini hasa?

Deki inatoa picha kama mawimbi ya umeme. Kompyuta haielewi mawimbi, inaelewa namba. Kadi ya kunasa, ambayo wengine wanaiita kapcha kadi na wengine "kile kidude cha njano, nyeupe na nyekundu", inakaa katikati: inapima wimbi, inaandika namba. Basi. Haisafishi picha, haiongezi rangi, haiongezi ukali. Kilichomo kwenye utepe ndicho kitakachotoka, na kadi mbaya itakipunguza. Ukilishika hilo, mengi ya huko chini yatajijibu, na muuzaji atapata taabu kukuzungusha.

Kwa hiyo ninunue ipi?

Kwanza sema una kompyuta gani.

Kwa Windows, kadi ninayomwambia kila mtu aitafute ni Hauppauge USB-Live2. Ni kidude kidogo cha USB, kinapokea waya wa njano wa picha na pia S-Video, tundu la duara linalobeba picha safi zaidi, kinapokea sauti pande zote mbili, na kinatoa picha ilivyo. Linux nayo inaitambua. Haina mbwembwe, na ndiyo sababu naipenda.

Kwa Mac, wengi wanatumia Elgato Video Capture, kwa sababu inakuja na programu yake na haikusumbui. Ila jua kitu kimoja: programu hiyo inatoa faili la pikseli 640 kwa 480. Picha ya PAL, mfumo wa televisheni tuliotumia huku kwetu, ina mistari 576, kwa hiyo hapo unabanwa mistari karibu mia hata kabla hujaanza. Kama unataka kumtumia shangazi kipande cha harusi kwenye simu, hataona tofauti. Kama unataka faili la kuwekea wajukuu, mimi nisingeichagua.

Kuna Canopus ADVC-110, kiboksi cha zamani kinachogeuza picha kuwa DV, muundo wa kidijitali wa kamera za zamani, na kuipitisha kwa FireWire, waya wa kompyuta za zamani. Ni kazi nzuri, picha na sauti havipishani, na saa moja inakula kama GB 13 tu. Shida ni tundu la FireWire, ambalo kompyuta mpya hazina. Ukiwa na kompyuta ya zamani ya mezani yenye kadi ya FireWire, usiidharau.

Halafu kuna zile za kitaalamu kama Blackmagic Intensity. Mtu anaona bei, anaona jina, anasema hii ndiyo yenyewe. Zimetengenezwa kwa mawimbi yaliyotulia, na VHS haijawahi kutulia tangu izaliwe. Kanda ikitetemeka kidogo, kadi inapoteza mshiko na kuruka fremu. Zinafanya kazi vizuri ukiwa na kifaa cha TBC mbele yake, nami TBC nitaieleza huko chini. Bila hicho, umenunua gari la mashindano ya barabara ya lami kupitia njia za mashambani Lushoto msimu wa masika.

Sasa ukisimama dukani na kadi ambayo sikuitaja, uliza mambo haya. Inatoa 720 kwa 576 kwa PAL bila kukuza? Ina S-Video? Sauti inaingia kwenye kadi yenyewe, kulia na kushoto? Draiva yake inafanya kazi kwenye Windows uliyonayo leo, siyo XP? Na programu nyingine zinaweza kuiona, au imefungwa kwenye programu yake pekee? Hilo la mwisho watu hulisahau. Kadi inayokulazimisha kutumia programu yake tu inakulazimisha pia kukubali ubanaji wake wa picha.

Nimeona kadi ya bei nafuu imeandikwa 1080p, nyingine 4K. Si bora zaidi?

Hapana. Hizo ni kadi za HDMI, zilizotengenezwa kwa wanaocheza gemu na wanaorusha matangazo mtandaoni. Deki yako haina HDMI. Kwa hiyo muuzaji atakuongezea kiboksi kingine kinachogeuza waya wa njano kuwa HDMI, na hapo ndipo picha inapofia. Kile kiboksi kinachukua mistari 576, kinaikuza kuwa 720 au 1080, kinachanganya ovyo nusu-fremu (picha ya PAL huja nusu nusu, mistari ikipishana), na vingi vinageuza nusu-fremu 50 za PAL kuwa 60 kwa kurudia rudia. Bibi harusi akitembea, anatembea kwa kukwama kwama kama mdoli. Kosa hilo halirekebishiki tena, limeshaandikwa ndani ya faili.

Ukali wa VHS kwa upana ni kama mistari 240. Kuijaza ndani ya 1080p ni kumimina kikombe cha chai kwenye pipa, halafu ukajisifu kwamba una pipa la chai.

Nimeshanunua kile kidude cheusi cha bei rahisi, EasyCap. Nikitupe?

Usikitupe kabla hujajua ndani kuna nini. Jina EasyCap limegongwa kwenye maboksi ya vidude vya kila namna. Viwili vinavyofanana kwa sura, kwa boksi na kwa bei vinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani. Cha kukuonyesha ni namba, siyo boksi.

Chomeka kwenye Windows, fungua Device Manager, bofya kulia kwenye kifaa, ingia Properties, kisha Details, halafu Hardware Ids. Utaona VID na PID. Ukiona 1B71 na 3002, ni chipu inayoitwa UTV007. Ukiona 05E1 na 0408, ni STK1160 ya Syntek. Ikianza na EB1A, ni familia ya Empia. Hizo zote zinatoa picha ya kuvumilika, na Linux inazitambua nyingi bila kuhangaika na CD ya draiva. Ukiona 534D na 2109, hiyo ni chipu ya HDMI, rudi swali lililopita.

Ubaya wa vidude hivi hauko sana kwenye picha, uko kwenye sauti. Mimi cha kwanza nilikinunua Kariakoo, kwenye duka nisilolitaja. Nikarekodi kanda ya saa tatu usiku kucha. Asubuhi nasikiliza: upande wa kulia mvumo, upande wa kushoto kimya. Nikafungua ganda kwa bisibisi. Waya mwekundu ulikuwa umechomelewa kwenye sehemu isiyokwenda popote, umewekwa kama pambo. Tangu siku hiyo sirekodi kanda nzima kabla ya kurekodi dakika 5 na kuzisikiliza kwa spika za masikioni, sikio moja baada ya jingine.

Deki inahusikaje? Yangu ya zamani si inatosha?

Hapa ndipo ningependa watu watumie hela zao. Ukiniambia una laki mbili, nitakwambia kadi ichukue sehemu ndogo na deki ichukue kubwa. Kadi inapokea tu. Anayesoma utepe ni deki.

Kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ilikuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Maana yake kila deki unayoiona leo ni ya mkono wa pili, na vichwa vyake, yaani visomeo vya utepe, vimeshatembea. Usinunue kwa kuona taa inawaka. Nenda na kanda yako usiyoithamini, iingize, icheze dakika 10, irudishe nyuma, itoe, kisha angalia ukingo wa utepe. Ukiona umekunjika kama ukingo wa mkeka uliokanyagwa, deki hiyo inakula kanda. Iache hapo hapo.

Ya vichwa 4 yenye Hi-Fi ni bora kuliko ya vichwa 2 yenye sauti ya upande mmoja. Ya S-VHS ni bora zaidi, hata kama kanda zako ni VHS za kawaida, kwa sababu ina tundu la S-Video, na nyingi za mwishomwishoni zina TBC ndani yake. Deki zinazotoka Uingereza au Ulaya mara nyingi zina tundu pana la SCART tu. Adapta yake ni rahisi kupata, ila nunua yenye swichi ndogo ya kuingiza na kutoa, na uiweke upande wa kutoa. Nimeshaona mtu amehangaika wiki nzima na draiva, kumbe swichi imelala upande usio wake.

Kusafisha vichwa: tumia isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kusafishia vidonda ina maji na vinginevyo, inaacha utando. Wala usitumie pamba ya masikio, nyuzi zake zinanasa kwenye kichwa na kuking'oa. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, ikunje, iloweshe, iegemeze kwenye ngoma, ile silinda inayobeba vichwa, kwa kidole bila kuisogeza, halafu zungusha ngoma kwa mkono mwingine taratibu. Ngoma ndiyo inayozunguka, karatasi imetulia. Usisugue juu na chini hata siku moja. Karatasi ikitoka na mstari wa kahawia, rudia na nyingine mpaka itoke safi.

Kanda ina madoa meupe ukiichungulia kwenye kidirisha. Ni vumbi?

Ni ukungu. Pwani hii tunaujua: nguo kabatini, viatu vya ngozi, vitabu, na kanda. Unaonekana kama unga mweupe au kama nyuzi za buibui juu ya utepe uliozungushwa. Usiiingize kwenye deki yako nzuri. Itachafua vichwa, itahamia kwenye kanda inayofuata, na utepe ulioshikana unaweza kukatika.

Itenge, ifunge kwenye mfuko. Kazi ya kuisafisha inafanyika nje, ukiwa na barakoa, kwa kufungua ganda na kupitisha utepe pole pole kwenye kitambaa laini kisicho na nyuzi. Kama hujawahi kufungua kanda, jifunzie kwenye ile ya filamu ya kuazima ambayo hamkuirudisha. Siyo kwenye harusi ya wazazi.

Kanda aliyotuma mjomba kutoka Marekani inaonyesha nyeusi na nyeupe, na picha inaruka.

Hiyo ni NTSC. Tanzania, Kenya, Uganda, Oman na Uingereza tulitumia PAL: mistari 625, fremu 25 kwa sekunde. Marekani, Kanada na Japani wana NTSC: mistari 525, karibu fremu 30 kwa sekunde. Ganda la kanda ni lile lile, ndiyo maana inaingia vizuri na kukudanganya. Ukitaka kubahatisha kabla ya kuicheza, soma lebo ya kiwandani: kanda za PAL huandikwa E-180 au E-240, za NTSC huandikwa T-120. Nasema kubahatisha, kwa sababu mtu anaweza kununua kanda tupu Dubai na kuirekodia popote.

Sasa utamu wa jambo. Deki nyingi za PAL zinajitangaza kwamba zinacheza NTSC. Zinacheza kweli, ila hazitoi NTSC halisi. Zinatoa chotara linaloitwa PAL-60: mistari ya Marekani, rangi ya PAL. Televisheni inalikubali. Kadi nyingi zinalikubali kwa nusu, na ndiyo hapo unapata picha isiyo na rangi. Ingia kwenye mpangilio wa kadi, tafuta orodha ya mifumo, ujaribu PAL-60 kisha NTSC 4.43. Ikikataa, tafuta deki ya mifumo mingi. Ziliuzwa sana Ghuba, na nyumba zenye jamaa Muscat au Dubai mara nyingi zinayo moja juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Anzia hapo kabla ya kuagiza kitu. Na kama mjomba bado yuko huko, mwambie akatafute deki ya kwao kwenye maduka ya mitumba. Deki ya Marekani itahitaji transfoma ya volti 110, lakini itatoa NTSC safi.

Familia zilizotoka Kongo, au zilizoishi Ufaransa, zinaweza kuwa na kanda za SECAM. Ikichezwa kwenye deki ya PAL inatoa picha bila rangi. Dawa ni ile ile, deki ya mifumo mingi, na kadi ambayo orodha yake ina SECAM.

Zangu ni kanda ndogo, siyo hizi kubwa.

Zipime kwa macho. VHS-C ina utepe wa upana ule ule wa VHS, kwa hiyo kuna ganda kubwa unaloichomeka ndani kisha unaiingiza kwenye deki ya kawaida. Ganda lenyewe mara nyingi hutumia betri moja ya AA, usisahau.

Video8 na Hi8, za kamera za Sony kwa mfano, hazina ganda la namna hiyo, na halijawahi kutengenezwa. Utepe wake ni mwembamba, milimita 8. Atakayekuuzia adapta yake kwa VHS anakuuzia hewa. Lazima upate kamera yenyewe, na uicheze kutoka humo. Ukibahatika kupata kamera ya Digital8 inayosoma kanda za Hi8, na baadhi tu ndizo zinazosoma, itageuza picha yenyewe na kuitoa kwa FireWire, huhitaji kadi ya kunasa.

MiniDV ndiyo watu wanaikosea zaidi. Hiyo tayari ni namba, imerekodiwa kidijitali tangu mwanzo. Ukiipitisha kwa waya wa njano na kadi, unachukua namba, unazigeuza mawimbi, halafu unayageuza namba tena. Ni kama kutafsiri barua ya Kiswahili kwa Kiarabu, kisha kuirudisha kwa Kiswahili. MiniDV inahamishwa kwa FireWire tu. Azima kompyuta ya zamani.

Picha imepinda juu, nguzo za nyumba zinacheza, na kadi inakata kata.

Kupinda kwa juu na kutetemeka kwa mistari iliyosimama kunatokana na deki kushindwa kutoa kila mstari kwa wakati wake. Televisheni za zamani za mgongo zilikuwa na uvumilivu, zikawa zinafuata. Kadi haina uvumilivu. Ikipoteza mpigo, inatupa fremu au inaweka ya bluu.

Jaribu kwanza traking ya deki, yaani vitufe vya kulinganisha vichwa na mistari iliyorekodiwa kwenye utepe. Peleka kanda mpaka mwisho na uirudishe mwanzo, ili utepe ujizungushe sawasawa. Badilisha deki kama unaweza, maana kanda inayogombana na deki moja inaweza kupatana na nyingine bila sababu unayoiona.

Zikishindikana, ndipo TBC. Kazi yake ni kuipokea mistari, kuishika kidogo, na kuiachia kwa mpigo sawa. TBC halisi za kitaalamu ni ghali na zimechakaa. Njia ya watu wa kawaida ni mashine ya kurekodia DVD: Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15 zinajulikana kwa hili. Siyo kwamba unarekodi chochote kwenye DVD. Unapitisha tu: deki inaingia nyuma ya Panasonic, Panasonic inatoka kwenda kwenye kadi. Nguzo zinasimama. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani nimebadilisha kanda. Picha inalainishwa kidogo, hiyo ndiyo bei yake, kwa hiyo sipitishi humo kanda ambayo haina ugonjwa.

Kuna na mistari mipana inayopanda pole pole kwenye picha yote. Hiyo siyo kanda, ni umeme unaozunguka kati ya deki na chaja ya kompyuta. Chomoa chaja, tumia betri, uone kama itaondoka.

Na ule mstari mmoja wa chenga chini kabisa ya picha uache. Kila VHS unao. Televisheni ilikuwa inauficha nyuma ya fremu yake.

Picha inatangulia sauti. Mwanzo ni sawa, mwishoni ni balaa.

Mama mmoja aliniletea faili alilotengenezewa mahali pengine, la harusi ya mwaka 1991. Tukatazama wote. Mwanzoni maneno yanakaa midomoni. Ilipofika wakati wa kumtoa bibi harusi ndani, vigelegele vinasikika wakati wanawake wameshafunga midomo, na walipokuwa wanatikisa ndimi hakukuwa na kitu. Kimya. Bibi mmoja mwenye upawa wa pilau anaonekana anamkemea mpiga picha kwa mkono, na sauti yake, "nitoe hapo, sijavaa mie", ilikuja kitambo baadaye, juu ya picha ya watoto wanakula.

Chanzo ni fremu zilizotupwa. Picha inafupika, sauti inabaki na urefu wake, na pengo linakua kila fremu inapopotea. Ndiyo maana kuisogeza sauti nzima hakusaidii. Ukiweka sawa mwisho, mwanzo unaharibika. Inabidi kurekodi upya.

Sababu za kutupwa fremu, kwa mpangilio ninaozikuta: kanda isiyotulia, diski iliyojaa au ya polepole, kadi kuchomekwa kwenye kigawanyio cha USB badala ya tundu la kompyuta yenyewe, na sauti kuingizwa kwenye tundu la maiki la kompyuta wakati picha inapita kwenye kadi. Kadi na tundu la maiki kila kimoja kina saa yake ya ndani, na saa mbili hizo hazikubaliani. Picha na sauti vipite mlango mmoja.

Ile ya 1991 tuliirudia siku mbili baadaye. Kanda haikuwa na neno.

Programu gani, na niweke mpangilio upi?

VirtualDub2 kwa Windows, ni ya bure, ya kizamani kwa sura, na inakuonyesha idadi ya fremu zilizotupwa wakati inarekodi. Hiyo namba ndiyo unayoitazama. OBS inafaa pia na wengi wanaijua, ila hakikisha umezima kukuza picha na umeweka fremu 25. Yenyewe imezoea fremu nyingi zaidi na picha kubwa zaidi.

Weka PAL, 720 kwa 576, na YUY2 kwenye orodha ya muundo wa rangi. Kodeki, yaani njia ya kubana picha, iwe isiyopoteza kitu: HuffYUV au Lagarith. Ukiwa Linux, FFV1. Sauti ya vipimo 48,000 kwa sekunde, isiyobanwa.

Ukimaliza utaona kitu kama meno ya kitana pembeni ya kila kinachotembea. Usishtuke na usimlaumu mtu. PAL inapiga nusu-fremu 50 kwa sekunde, mistari ya shufwa kisha ya witiri, na kompyuta inazionyesha mbili pamoja. Hizo ni mali, zitunze kwenye faili la kuhifadhi. Unaziunganisha baadaye, kwenye nakala ya kutazama, kwa vichujio vya kazi hiyo kama QTGMC au bwdif ya programu ya ffmpeg, na ukitoa fremu 50 badala ya 25 mwendo unakuwa laini kama kwenye televisheni ya zamani.

Nakala ya kutazama ibaki 4 kwa 3. Usiivute ijaze skrini pana. Kila mtu anakuwa mnene, na kuna watu wa harusi zile hawatakusamehe.

Diski kubwa kiasi gani?

Picha ya PAL isiyobanwa kabisa ni karibu GB 75 kwa saa. Kwa HuffYUV inashuka hadi kama 35. Kanda ya E-180 ikijaa ni saa 3, yaani zaidi ya GB 100. Na kama ilirekodiwa kwa LP, ile kasi ndogo ya kurefusha kanda, inaenda saa 6. Diski ya nje ya TB 1 itabeba kanda 8 au 9 zilizojaa. Nakala ya kutazama ya H.264 ni GB 1 hadi 3 kwa saa, inaingia kwenye flashi. Watu wengi wanahifadhi nakala ndogo peke yake na kufuta kubwa. Mimi nawaambia wabakize kubwa kwa kanda mbili tatu wanazozililia, na nyingine waamue wenyewe.

Umeme ukikatika katikati?

Kompyuta mpakato itaendelea kwa betri, deki itazima na utepe ukiwa umezungushwa kwenye ngoma. Umeme ukirudi usiwahi kuchomoa kanda kwa nguvu, iache deki iirudishe yenyewe. Yuu-pi-esi ndogo inatosha, deki haili umeme mwingi.

Kanda ya filamu niliyonunua dukani inageuka giza na mwanga.

Ni kinga ya kunakili iliyowekwa na wenye filamu. Filamu nyingi hizo zipo kwa njia nyingine. Hangaikia zile ambazo dunia nzima ipo moja tu, ya kwenu.

Na kama kanda yetu yenyewe imefifia tangu zamani?

Inawezekana mnacho ni kopi ya kopi. Mpiga picha wa miaka ile alirekodi, akaunganisha vipande kwa deki mbili, akaweka muziki na maua yanayozunguka, halafu akatoa kopi kwa kila upande wa familia. Kila kopi ilipoteza kidogo. Bara hakukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, kwa hiyo kwa nyumba nyingi kanda ya harusi ndiyo iliyokuwa kipindi, ikachezwa kila mgeni alipokuja, mpaka ikachoka. Ulizia upande wa pili wa familia. Ile waliyopewa wakwe waliohamia mbali, ikafungwa sandukuni, mara nyingi ndiyo nzima.

Nikimaliza nizitupe kanda?

Hapana. Kuna watu sasa hawatumii waya wa njano kabisa, wananasa mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye vichwa vya deki na kuyafasiri kwa programu inayoitwa vhs-decode. Ni kazi ya kuchomelea waya na ya diski kubwa, sijaipa mteja, lakini ninachokiona kinanitamanisha. Kanda unayoitupa leo huenda ikasomwa vizuri zaidi kesho.

Zirudishe mwanzo, zisimamishe wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na spika kubwa. Na kabla ya yote, hata kabla ya kununua kadi, vunja kile kipande cha plastiki mgongoni mwa kila kanda, ili deki isiweze kurekodi juu yake. Kwetu kanda ya harusi ya kaka inakwenda vizuri mpaka dakika ya 40, wakati shehe anakaa sawa aanze kuozesha. Kuanzia hapo ni Kombe la Dunia la 1998, kipindi cha pili.